Omba Tuta Lako: Maswali ya Wanagenzi wa Shamba la Mboga

Tangu kaskazi ianze kuvuma, barua zinazonifikia zina swali moja lenye sura nyingi. Vijana wanataka kwenda kukaa kwenye mashamba madogo ya mboga za kilimo hai ili wajifunze kazi. Kuna wanaoita atachimenti, kuna wanaoita kujitolea. Mimi nitasema uanagenzi, na anayekwenda ni mwanagenzi. Mashamba yenyewe ni haya ya nusu ekari hadi ekari mbili, huku kwetu Malindi, kuanzia Msabaha mpaka ng'ambo ya mto Sabaki, yanayopeleka mchicha sokoni na majani ya saladi hotelini.

Shikamoo mwalimu. Nimemaliza kidato cha nne na nimepata shamba Ganda la kujifunzia. Mwezi mmoja unatosha? (Kijana wa Maweni)

Marahaba. Unatosha kujifunza mchicha. Mchicha ukiusia leo, wiki ya nne unauza mafungu. Lakini sukuma wiki hukaa kitaluni kama mwezi, ndipo ihamishiwe kwenye tuta na kungojwa tena. Nyanya, tangu kupandikizwa, hudai siku 75 hadi 90 kutegemea mbegu. Biwi la mboji nalo likitunzwa vizuri huiva kwa miezi miwili mpaka mitatu. Kwa mwezi mmoja utaona mwanzo wa kila kitu na mwisho wa mchicha peke yake.

Omba miezi mitatu, na ukiweza ingia Machi. Utaikuta ardhi kavu, utayatengeneza matuta kwa mikono yako, na masika yakishuka Aprili utaona lipi ulilitengeneza vizuri na lipi limegeuka mfereji. Na siku ya kwanza kabisa, kabla hujashika jembe, omba tuta moja liwe lako: mita moja kwa kumi inatosha. Upande wewe, umwagilie wewe, uuze wewe, uandike hesabu wewe. Mwenye shamba akikunyima hilo, ujue alikuwa anatafuta kibarua.

Kwenye hilo tuta nipande nini? (Huyo huyo)

Nusu mchicha, upate cha kuuza upesi. Nusu nyingine jaribu rehani, ule mmea wa majani ya kunukia. Bibi zetu waliitia kwenye kikuba, kile kishada cha kunukia wanachovaa wanawake, pamoja na asumini. Waitaliano wa Malindi wanaila na nyanya za kwenye sufuria. Una soko la harusi na soko la hoteli kwa mche mmoja. Ila hoteli nyingi hulala kati ya Aprili na Juni, kwa hiyo usiwategemee wageni peke yao.

Shamba lililonikubali Watamu linataka nilipe shilingi 12,000 kwa mwezi, eti "za mafunzo". Kuna wazungu wawili pale wanafanya kazi bila mshahara na wanacheka tu. Nimekosea nikitaka angalau nauli? (Msichana wa Gede)

Hukukosea hata kidogo, na hao wazungu usijipime nao. Mtindo wa kufanya kazi shambani kwa chakula na mahali pa kulala ulianza Uingereza mwaka 1971, pale Sue Coppard, katibu wa ofisi mjini London, alipotafuta njia ya watu wa mjini kama yeye kwenda kupumua mashambani mwisho wa wiki. Jumatatu alirudi kazini kwake. Ulikuwa mpango mzuri na bado ni mzuri, lakini uliundwa kwa ajili ya mtu mwenye mshahara mahali pengine. Hao wawili wana tiketi ya kurudi. Wewe una nyumba inayongoja sukari.

Nitasema pia upande wa mwenye shamba, kwa sababu nimewahi kuwapokea wanagenzi na nawajua. Mwezi wa kwanza mwanagenzi ni mzigo. Atakata mpira wa maji kwa jembe, atang'oa karoti akidhani ni magugu, ataacha kuku waingie kitaluni. Mwezi huo chakula na nauli ni haki tupu kwa pande zote mbili. Kuanzia mwezi wa pili, kama unafungua mpira wa maji alfajiri peke yako huku mwenyewe yuko sokoni, umeshakuwa mfanyakazi, na mfanyakazi hulipwa.

Hiyo 12,000 si lazima iwe wizi. Uliza maswali matatu: nani atanifundisha, siku gani, na kitu gani? Ukijibiwa kwa ratiba, fikiria. Ukiambiwa "utajifunza humo humo kazini", funga kipochi chako. Na mkikubaliana uajiriwe kwa miezi mitatu au zaidi, dai karatasi: Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 inataka mkataba wa kazi wa muda huo uandikwe.

Wiki ya tatu sasa napalilia tu. Ndago. Kila siku ndago. Nilikuja kujifunza kilimo, si kuinama. Niache? (Mwanagenzi aliyechoka, Kakuyuni)

Pole. Kabla hujaacha, kesho chimba ndago moja polepole kwa mkono, usiikate. Fuata mzizi. Utakuta kitunguu kidogo cheusi, kisha uzi, kisha kitunguu kingine, uzi tena, kama tasbihi iliyofukiwa. Ukikata majani kwa jembe, umekata kishada tu. Shanga zote chini ziko hai. Ukipitisha trekta ndiyo umeikata tasbihi na kuzisambaza shanga shamba zima, kila moja iote kivyake. Nimeona watu wakilaumu udongo wao miaka nenda rudi, kumbe wao wenyewe ndio waliokuwa wakiipanda ndago kila msimu.

Udhaifu wake ni mmoja: haipendi kivuli. Tuta lililofunikwa na matembele au kunde huidhoofisha kuliko majembe kumi. Kwa hiyo mwombe mwenye shamba akuachie kona moja mbaya kabisa: toa minyororo mizima kwa jembe la meno, iache juani ikauke (usiitie kwenye mboji, itakurudia), kisha panda matembele na uandike tarehe.

Na si kila unachong'oa ni gugu. Mwezi wangu wa kwanza shambani, zamani hizo, nilijaza beseni zima la mchunga nikaenda kulimwaga kwenye biwi, najiona hodari. Mama mmoja wa Kigiriama tuliyekuwa tukipalilia naye aliliokota kimya kimya. Alasiri nikamkuta sokoni, amelipanga mafungu, na watu wanagombania. Mchunga ni mchungu kweli, lakini ukichemshwa ukatiwa tui, kuna watu huku Pwani wataupita mchicha bila kuutazama. Yule mama alinifundisha zaidi ya mwenye shamba, na hakunitoza kitu.

Hata hivyo una haki ya kulalamika. Wiki tatu za kazi moja ni nyingi. Omba asubuhi mbili kitaluni na siku moja ya kwenda na mboga sokoni. Ukikataliwa mara mbili, hapo ondoka.

Jioni moja nimemwona bosi anapiga dawa kwenye sukuma. Shamba linajiita la kilimo hai. Ni uongo? (Msabaha)

Huenda si uongo. Kilimo hai hakikatazi kila dawa. Kinakataza zile za viwandani na kuruhusu baadhi ya zinazotoka kwenye mimea. Na jioni ndiyo saa yake hasa. Mwarobaini, ambao sisi huku twauita pia mkilifi, nguvu yake huliwa na jua upesi. Isitoshe, jioni nyuki wamekwisha rudi mzingani. Watu wengi hutwanga nusu kilo ya kokwa za mbegu zake, wakaziloweka usiku kucha katika lita 10 za maji, wakachuja kwa kitambaa na kutia sabuni kidogo ili dawa ishike kwenye jani. Vidukari na viwavi wachanga huacha kula na kukua; hawafi papo hapo, kwa hiyo usitarajie kuwaona chini asubuhi.

Mwombe akuonyeshe ndoo. Harufu ya mwarobaini haifichiki. Ukikuta kopo lenye mstari wa rangi chini ya lebo na onyo la siku za kungoja kabla ya kuchuma, muulize kwa adabu ni la nini. Kuhusu karatasi, Afrika Mashariki ina kanuni zake za mazao hai tangu 2007, na alama yake ni Kilimohai. Shamba dogo kukosa alama hiyo si ushahidi wa uongo, maana ukaguzi una gharama, na ndiyo sababu wakulima wadogo hujiunga vikundi wakakaguana wenyewe kwa wenyewe. Lakini anayejiita hai na hataki uone stoo yake, huyo mimi simwamini.

Salamu aleikum. Binti yangu wa miaka 19 anataka kukaa shambani miezi mitatu, ng'ambo ya mto, na Ramadhani itaangukia humo. Nimruhusu? (Mama wa Shela, Malindi)

Waaleikum salaam, mama. Nenda mwenyewe, na usipige simu kabla. Tazama mlango wa chumba kama una komeo la ndani, choo kiko umbali gani, na nani mwingine hulala pale. Ukiridhika na hayo matatu, mruhusu. Ramadhani si tatizo kwa anayepanga: kazi nzito baada ya alfajiri hadi saa tatu, kumwagilia baada ya alasiri, basi. Ila mkanye asishuke mtoni usiku hata kama pampu imezimika. Viboko wa Sabaki hutoka majini kwenda kula giza likiingia, na tuta la mahindi ya mtu kwao ni futari.

Niko Lamu, Langoni, na nimepewa tuta langu kwenye kishamba nyuma ya mji. Samadi ya punda iko bure vichochoroni. Naimwaga moja kwa moja? (Mwanagenzi wa Lamu)

Usiimwage. Punda hacheui kama ng'ombe, kwa hiyo mbegu nyingi za nyasi hupita tumboni mwake zikiwa hai. Utakuwa unapanda nyasi kwa bidii kubwa. Pia samadi mbichi huunguza mizizi. Mimi niliwahi kutia ya kuku, mbichi, kwenye pilipili hoho arobaini. Siku ya tatu zilikuwa kama zimemwagiwa maji ya moto.

Ipitishe kwenye biwi. Lipe mita moja kila upande na mita moja kwenda juu: majani makavu, kisha mabichi, kisha samadi, rudia, ukinyunyiza maji hadi liwe na unyevu wa kitambaa kilichokamuliwa. Funika kwa makuti. Chomeka kijiti katikati. Baada ya siku nne au tano kichomoe: kisiposhikika kwa moto, biwi linafanya kazi, limefika nyuzi 55 au zaidi, na humo ndimo mbegu za magugu hufia. Likipoa, pindua, cha nje kiingie ndani. Nenda hivyo mara tatu au nne.

Kwa mchanga wa Lamu tia pia makumbi yaliyokatwakatwa, yanashika maji. Lakini usitumie yaliyokuwa yamefukiwa pwani kwa ajili ya kusokota kamba, yana chumvi. Na maji ya kisima yaonje kwanza. Yakiwa ya chumvi kidogo, panda spinachi na achana na maharagwe na karoti.

Nibebe nini? (Wengi)

Kofia pana, mabuti ya mpira, daftari la jalada gumu na penseli, maana wino hulowa. Kabla ya hayo yote pitia zahanati uulizie chanjo ya pepopunda. Vijidudu vyake hukaa kwenye udongo na samadi, na utajikata, hilo halina shaka. Simu iache chumbani. Ikitumbukia kwenye pipa la chai ya samadi, yaani maji yaliyolowekwa samadi, hakuna fundi Malindi nzima atakayekubali kuifungua.