Vita vya majembe na njaa

Mmeuliza wiki hii: ni picha gani ya zamani inayoeleza vita vizuri kuliko maneno? Jibu langu ni chapa (picha inayochorwa kwenye bamba la shaba, kisha kupigwa kwenye karatasi) ya Jacques Callot, mchoraji wa mji wa Nancy, ambao leo uko Ufaransa, inayoonyesha mji wa Breda ulivyozingirwa.

Agosti 1624 jenerali Ambrogio Spinola alifika Breda, Uholanzi, na jeshi la Hispania. Hakuuvamia mji. Aliuzungushia mahandaki na ngome ndogondogo, akafunga njia za chakula, akangoja. Juni 1625 njaa ikaufungua mlango. Mchoraji wa Hispania, Velázquez, alipochora kisa hiki miaka kama kumi baadaye, alichagua dakika ya kukabidhi ufunguo, mabwana wawili wakitendeana kwa adabu. Mchoro huo ni wa ajabu kwa uzuri, lakini hautakwambia mji ulishindwaje. Wa Callot utakwambia.

Kuta za zama zile zilikuwa nene, fupi, zenye buruji zilizochomoza pembeni ili mizinga ya upande mmoja ilinde upande mwingine. Aliyewahi kuizunguka Fort Jesus ya Mombasa, iliyosanifiwa na Mwitalia Cairati na kuanza kujengwa 1593, anazijua. Na Waomani walioizingira kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698 walijua gharama yake. Kuzikimbilia kuta kama hizo ni kujiua. Kwa hiyo vita viligeuka kuwa kazi ya kuchimba, na mtu aliyesimama chini haoni ila vichuguu vya udongo.

Ndiyo maana Callot alichora kama anayetazama kutoka juu. Kwenye mabamba sita ya shaba, ambayo karatasi zake zikiunganishwa hupita upana wa mita moja, sehemu ya juu ni ramani kamili: mji, maji, mahandaki, kambi. Kadiri jicho linavyoshuka, ramani inageuka nchi yenye vilima, na mbele kabisa kuna watu wenye nyuso: wapanda farasi, askari wa miguu, mikokoteni.

Ufundi wenyewe ndio ulioyawezesha haya. Alipaka bamba vanishi ngumu, ya aina waliyotumia watengeneza vinanda vya nyuzi, akachora kwa ncha ya chuma, kisha akaiacha asidi iitafune shaba palipochorwa. Mistari ya mbali aliifunika mapema ibaki myembamba. Ya karibu aliirudisha kwenye asidi ikolee. Bila hila hiyo, maelfu ya watu wale wangekuwa madoa tu.

Ni kweli, alilipwa na washindi. Chapa ya Breda iliagizwa na Isabella, aliyetawala Uholanzi ya Kusini (leo hasa Ubelgiji) kwa ajili ya Hispania. Kisha Mfalme Louis XIII wa Ufaransa akamwagiza achore kuzingirwa kwa mji wa La Rochelle. Lakini 1633, mwaka ambao majeshi ya Louis huyohuyo yaliuchukua mji wake wa Nancy, Callot alitoa chapa 18 ndogo za maafa ya vita. Humo hamna ramani. Kuna shamba linaloporwa, wezi wa kijeshi wakining'inia mtini, wakulima wakiwavizia askari kulipiza kisasi. Inasimuliwa kwamba aliombwa kuchora kutekwa kwa Nancy, akakataa, akasema heri akate kidole gumba chake.

Atakayezitafuta aanze na Breda, aisome kutoka chini kwenda juu, akiwa na kioo cha kukuzia.