Kuvuta uzi hakunyooshi sweta

SWALI: Shikamoo fundi. Namfumia mwanangu sweta kwa mkono, sindano namba 8 zote mbili, ila nikiigeuza kwa nyuma naona mistari mistari, safu moja imebana inayofuata imelegea. Jirani kaniambia nivute uzi kila kitanzi, ikishindikana nipige pasi itanyooka. Ni kweli?

JIBU: Marahaba. Si kweli hata kidogo, na hao wanaofundisha kuvuta wananichosha sana maana kazi zao zinaishia mezani kwangu.

Ukubwa wa kitanzi unatoka kwenye unene wa sindano, sio nguvu za mkono. Ukivuta unaiba uzi wa kitanzi cha jirani, huku panabana kule panapwaya, halafu vidole vinauma bure. Wewe acha kitanzi kikae kwenye mwili wa sindano, sio pale ncha inapochongoka, uzi uzungushe mara moja kidole cha mwisho upite juu ya cha shahada uwe unateleza wenyewe. Mistari yako ni zile safu za kinyume, yaani unazofuma upande wa nyuma ukikutazama, mkono unazilegeza, wengi tunayo hiyo. Badilisha sindano moja tu weka namba 9, safu za kinyume ziingie kwenye hiyo, zitapokezana zenyewe mpaka mwisho (kwa namba hizi za Kiingereza, sio za milimita, namba ikipanda sindano ni nyembamba, usije ukachukua 7).

Sasa pasi. Uzi mwingi tunaouziwa madukani ni akriliki, yaani plastiki. Sufu ukiilowesha ukaitandaza ikauke, vitanzi vinajipanga kiasi chake, lakini akriliki ikipata moto wa pasi inalegea na kulala moja kwa moja, kiunoni na mikononi panapotakiwa kuvutika hapavutiki tena, ufue usifue ndo imetoka hiyo. Watu wananiletea nifufue, nifufue na nini?

Na wanaokwambia sampuli ni kupoteza uzi wakimbie. Fuma kipande kikubwa kidogo, kifue, kikauke, ndo upime sentimita 10 za katikati. Ulipangia vitanzi 22, mkono wako ukatoa 24, unasema si viwili tu? Kwa sweta ya mtu mzima yenye vitanzi 110 mbele na 110 nyuma, ulitegemea sentimita 100 kifuani unapata kama 92, mteja yuko chumba cha kujaribia mikono juu anaita aje mtu amvue.