Jibu la msomaji: Aliyesoma ukubwani anapimwa kwa kipi?

Mhariri,

Swali lenu la wiki hii, kwamba je, kisomo cha watu wazima kinawasaidia watu kupata ajira, limenigusa penye kidonda, kwa sababu niliwahi kuwa mwalimu wa kisomo katika kijiji kimoja cha ukanda wa Paje na Jambiani, pwani ya kusini mashariki ya Unguja. Kwa maoni yangu swali hilo limemwelekea asiyestahili kuulizwa. Linamtaka mwanafunzi na mwalimu wake wajieleze, ilhali wa kuulizwa kwanza ni mwajiri: akijiwa na mtu aliyejifunza kuandika akiwa na umri wa miaka arubaini, anampima kwa kipi?

Wenyeji wa pwani hiyo wanaijua hali yenyewe. Kilimo cha mwani kwa biashara kilianza huko mwaka 1989, na kwa miaka mingi ndicho kilichowapa kina mama fedha yao wenyewe. Baadaye maji yakazidi joto, kotonii, aina ya mwani ambayo ndiyo yenye bei nzuri, ikawa inaoza kambani, wakabaki na aina nyengine, spinosamu, ambayo malipo yake ni madogo mno kwa kazi ya kuinama majini kutwa. Wakati huohuo hoteli zikawa zinajengwa mbele ya macho yao, na wengi katika darasa langu walijiandikisha kwa lengo la kupata kazi humo. Barua ya sheha, yaani kiongozi wa serikali wa mtaa, haikuwa tatizo, wala kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi. Walichokwama nacho ni cheti cha kidato cha nne, ambacho katika hoteli nilizozijua kilitakiwa hata kwa mtu wa kufua mashuka.

Miongoni mwao alikuwamo mama mmoja tuliyemwita Bi Mkubwa, kwa kuwa aliwazidi wenzake umri. Skuli hakuvuka darasa la pili, lakini chuoni, yaani madrasa ya Kurani, alisoma hadi akahitimu msahafu, na marehemu baba yake alimfundisha kuandika barua za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kama walivyoandika wazee wetu. Hesabu alizifanya kichwani, kwani ujanani alikuwa akivuka kwenda Pemba kuchuma karafuu, na mchumaji analipwa kwa pishi. Pishi ni vibaba vinne, na asiyejua kuzigawa na kuzijumlisha upesi hujikuta amepunjwa. Mtu huyu, katika daftari la kisomo, aliandikishwa kuwa hajui kusoma wala kuandika, akaanzishwa a, e, i, o, u.

Ikatokea hoteli moja ya jirani inatafuta mtunza stoo. Baada ya kuombwa sana, meneja alikubali kumjaribu kwa asubuhi moja, nami nikamsindikiza. Tulipelekwa mlango wa nyuma wa jiko, mahali ambapo wavuvi hupima samaki wao. Bi Mkubwa alipewa daftari la kupokelea vitu, lililochapishwa kwa Kiingereza, akaambiwa aanze. Aliliweka kando kwanza akawatazama samaki. Alifunua mashavu ya mmoja mmoja kuangalia wekundu wake, akabonyeza ubavu kwa kidole gumba, akawatenga changu wawili akasema hao wamelala, warudishwe. Mvuvi alibisha kidogo, kisha akawarudisha ndooni mwake. Wakaja ngisi ndani ya mfuko. Akaupima, akamwaga maji yaliyotuama chini ya mfuko, akaupima tena, na uzito ukashuka. "Maji ya bahari tunayo wenyewe, mwanangu, hatuyanunui," alimwambia kijana aliyewaleta. Mpishi mkuu alikuwa ameshaacha sufuria zake, amesimama mlangoni anatazama.

Shida ilianza kwenye kuandika. Herufi za kirumi alikuwa amezijua, lakini mkono wake ulikuwa bado mzito nazo, na wavuvi wengine walikuwa wanangoja huku barafu ikiyeyuka. Akaligeuza daftari, akaanzia kulia, akaandika kila kitu kwa herufi za Kiarabu: changu, kilo kumi na mbili, pono, kilo tano na nusu, ngisi baada ya kumwaga maji, pweza, jina la kila mvuvi na kiasi anachodai. Kalamu haikusita hata mara moja. Meneja alipolitazama daftari alisema hayo si maandishi, nani atayasoma? Karani wa hesabu, kijana wa Makunduchi ambaye naye alipitia chuoni, akalichukua akasoma kwa sauti mstari baada ya mstari hadi mwisho, na jumla ikalingana na mizani. Pakawa kimya. Kazi ya stoo alipewa kijana mwenye cheti, na Bi Mkubwa akaambiwa kama anataka, kuna kibarua cha kufagia ufukwe.

Habari hii nimeisimulia mara nyingi kama ushahidi dhidi ya waajiri, na nilipoanza kuandika nilikusudia kuishia hapo. Hata hivyo, nikiifuata kwa utaratibu, naona meneja alikuwa na hoja ambayo hakuieleza kwa heshima. Daftari la stoo halisomwi na mtu mmoja. Linasomwa na mwenye zamu ya usiku, linasomwa na mhasibu aliyeko mjini, na karani wa Makunduchi akipata kazi kwengine hakuna atakayejua kilo za pono. Alichopungukiwa Bi Mkubwa kilikuwa kidogo sana: maneno machache ya Kiingereza yaliyo juu ya safu za daftari lile, na mazoezi ya kuandika upesi kwa herufi alizokwisha kuzijua. Hayo yangeweza kufundishwa darasani kwetu. Lakini kitabu tulicholetewa hakikuwa na ukurasa hata mmoja wa namna ile, na hakuna aliyewahi kufika hotelini kuuliza ni karatasi zipi zinazojazwa huko.

Kuna jambo jengine ambalo anayekaa ofisini mjini hulisahau. Darasa letu lilipangiwa siku maalumu za wiki, saa tisa alasiri, na bahari haifuati wiki. Siku za bamvua, maji yanapokupwa mbali, kina mama hushinda kwenye mwani, na wakirudi wana mwani wa kuanika na mbegu za kufunga kambani. Siku za maji mafu, yasipokupwa sana, wapo nyumbani. Kwa hivyo darasa lilijaa na kukauka kwa kufuata mwezi wa angani, na mama aliyekosa bamvua nzima aliandikwa mtoro. Ratiba inayofuata mwezi isingeongeza gharama yoyote, kwani kila mtu kijijini anajua bamvua inaingia lini. Mafunzo ya amali, yaani ya ufundi, nayo ni mazuri, lakini mwenye watoto na kamba za mwani hakuweza kuhamia kwenye vituo vyake vya Mkokotoni wala Mwanakwerekwe.

Basi mkinibana nijibu swali kama mlivyoliuliza, jibu langu ni hapana: kisomo, kwa namna nilivyokiona kikiendeshwa, hakimpatii mtu ajira, na lawama yake si ya waajiri peke yao, tofauti na nilivyoanza kusema hapo juu. Nasema hivi kwa tahadhari. Mimi naijua pwani moja tu, na huenda Wete au Micheweni, kule Pemba, mambo yakawa vyengine. Tena wapo waliokuja darasani ili wasome karatasi ya dawa au watie saini badala ya dole gumba. Hao walipata walichokitaka, na sioni haki ya kuwapima kwa mshahara. Ila pale ambapo watu wamekuja kwa ajili ya kazi, mwalimu aanze kwa kuomba kurasa tupu za daftari la stoo, za jikoni na za dobi katika hoteli zilizo karibu, afundishe kwa hizo, na amwache mwenye herufi za Kiarabu aanzie kwenye anachokijua. Na meneja naye akubali jaribio la asubuhi moja mahali pa cheti cha kidato cha nne. Hilo la pili likikosekana, la kwanza litakuwa kazi bure, na jibu langu litabaki hapana.

Msomaji wenu,
Mkoa wa Kusini Unguja