Mwanangu, kuhusu kile kiwanja cha Gungu

Ujiji, Kigoma

Mwanangu,

Marahaba. Salamu zako zimefika na sisi huku hatujambo, alhamdulillahi. Unasema daktari wa huko Dodoma amekupima, kilo 131, presha imeanza kukusumbua, naye amekutajia upasuaji wa kupunguza tumbo kama niliofanyiwa mimi. Halafu ukaniuliza, kwa adabu, lakini umeuliza, juu ya kiwanja nilichokiuza kulipia hospitali: "Baba, kile kiwanja cha Gungu, ungekiuza tena?" Ningekupigia simu, ila mama yako angekaa pembeni ananisahihisha. Bora niandike.

Wewe ulijua baba yako ni mnene. Unene wenyewe hukuujua, ulikuwa shule. Futi kamba ya fundi ina inchi 60, na kiuno changu kilifika 54. Nilikuwa napima watu kutwa nzima, lakini mimi mwenyewe nilijikadiria kwa macho, maana sikutaka kijana wa kazi aisome namba ile kwa sauti. Suruali zangu nilizishona usiku, mlango umefungwa. Barazani waliniita bosi, si unajua kwetu kitambi ni cheo. Usiku hawakuniona. Mama yako alikuwa halali, ananisikiliza nikikoroma, kisha kimya, pumzi imekatika, ananisukuma kwa kiwiko mpaka nivute tena. Msikitini nilisali kwenye kiti miaka sita. Tulipokwenda msibani Tabora, kondakta alinitaka nilipie siti mbili, na alisema hivyo basi zima likisikia. Nililipa.

Sukari ilikuwa 15 asubuhi, kabla sijatia kitu mdomoni. Niliacha ugali, niliacha mawese, nilitembea alfajiri mpaka Kibirizi na kurudi. Zikatoka kilo 12, zikarudi 15. Daktari ndiye aliyenieleza kwamba mwili uliozoea uzito ukikondeshwa kwa njaa unapigania kurudi ulikokuwa: njaa inazidi, na chakula unachokula hautaki kukitumia haraka. Nilitoa machozi pale mbele yake. Miaka yote hiyo nilikuwa najiita mlafi.

Upasuaji wenyewe sitauelezea sana, kwa sababu mimi nilikuwa nimelala. Nilishuka Dar kwa treni nikafikia kwa shangazi yako. Wiki mbili kabla ya siku yenyewe walinipa chakula chepesi sana ili ini lipungue, maana ini la mtu mnene limejaa mafuta na linalifunika tumbo. Walitoboa matundu matano madogo, wakaingiza kamera na vyombo vyao, na katika mafungu matano ya tumbo wakaondoa karibu manne. Lililobaki limekaa kama ndizi. Fundi ni fundi, nilimuuliza daktari ameshonaje. Akasema kuna kifaa kinachokata huku kinabana kwa pini ndogo kama za stepla, mstari baada ya mstari. Nikamuuliza kama huvuja. Akasema mara chache huvuja, na kuna mtu anaweza kufa, ndiyo maana wanamchunga mgonjwa. Nilimwamini kwa jibu hilo. Na wewe usichanganye na lile puto la kupunguza unene la hospitali ya Mloganzila lililosemwa sana redioni. Puto huingizwa kwa mdomo, na baada ya muda hutolewa. Hii yangu hairudi.

Jioni ile ile waliniinua nitembee, damu isije ikaganda miguuni. Wiki mbili vitu vya maji tu, supu iliyochujwa, kijiko cha chai kimoja kimoja. Kisha vilivyopondwa. Yai langu la kwanza lilinichukua nusu saa, na nusu yake nikaiacha.

Kilichonishinda kilikuwa sinia. Mwezi wa tatu baada ya upasuaji jirani alimwoza binti yake, pilau likaja, tumelizunguka watu watano. Nikachukua tonge dogo, nikalitafuna mpaka likawa uji. La pili hivyo hivyo. La tatu likafika kifuani likasimama pale, kama kifungo kilichogoma kuingia kwenye tundu lake. Mate yakajaa mdomoni, jasho likanitoka, nikainuka nikaenda kulirudisha nyuma ya migomba. Niliporudi mzee mmoja akaniambia, "Fundi, umesusa? Au siku hizi vyakula vyetu huvitaki?" Na wenzangu wameshusha mikono wananisubiri, maana mtu hamuachi mwenzake nyuma kwenye sinia. Sikujua nikae au niondoke. Mpaka leo, nikialikwa, mama yako hunitangulizia maneno kwa wenye shughuli.

Basi nilipokonda, watu wakaanza kusema. Kwanza kansa, kisha ule ugonjwa, kisha nimerogwa. Wateja wawili walikuja kuchukua vitambaa vyao kabla sijafa navyo. (Mmoja amerudi, ninamshonea, nimempandishia bei kidogo.) Mimi niliwaambia nilipasuliwa ngiri. Na aliyeuliza nimekonda kwa dawa gani, nilimjibu tangawizi na ndimu. Niliona aibu kusema nimekatwa tumbo. Mwenye duka la pembeni, mzito kama nilivyokuwa, akaichukua tangawizi yangu kwa moyo wote. Akaachana na vidonge vyake vya sukari. Alipolazwa nilikwenda kumwona, na kidonda chake cha mguu kilikuwa kinanuka kutoka mlangoni. Nikamfunulia shati hapo hapo nikamwonyesha yale makovu matano. Alinitazama muda mrefu, hakusema kitu. Amepona, lakini hatujawa kama zamani, na simlaumu.

Kwa hiyo nawe nakwambia yote. Nilikuwa kilo 142. Baada ya mwaka na nusu nilifika 101, leo ni 107. Sita zimerudi, na najua mlango zilioingilia: soda. Nyama hunikaba nikiwa na haraka, ila soda na juisi vinateleza tu, tumbo halivizuii. Mwezi wa nne baada ya kukatwa nywele zilianguka kwa mafungu, zikaota tena. Ngozi ya tumbo inaning'inia. Nguo ningeibana pembeni kwa dakika kumi, hii naikunja ndani ya suruali. Chakula kikiwa mdomoni maji siyagusi, nasubiri nusu saa. Naanza na samaki, mgebuka au dagaa, ama yai, ugali unafuata kama nafasi imebaki, na kwa kawaida haibaki. Ramadhani ya kwanza daktari alinikataza kufunga, nikala kwa kujificha kama mtoto.

Sukari siku hizi inasoma 6. Sindano ya sukari waliiondoa ndani ya wiki ya kwanza, vidonge baadaye. Wameniambia imelala, haijafa, niendelee kupima. Mama yako analala. Bodaboda ambao zamani wakiniona walijifanya wanaongea na simu, sasa wananigombania. Na siku moja, sala ya adhuhuri, nilikisogeza kiti pembeni nikaenda kusujudu chini. Paji la uso likagusa mkeka. Imamu alishatoa salamu, mimi bado niko pale pale.

Sasa kiwanja. Aliyekinunua amejenga vyumba vinne vya kupangisha, na kila nikipita nahesabu kodi ambayo mngeipata nyie. Inaniuma. Ningekiuza tena, ndiyo. Ila kiwanja kililipa hospitali tu. Vidonge vya vitamini, chuma, kalsiamu, kupima damu, hivyo nalipa mimi mpaka niingie kaburini, na mwezi nilioruka nilianza kuona miguu inakufa ganzi. Kabla hujaniuliza tutauza nini kwa ajili yako, kaa na mkeo mpige hesabu hiyo ya kila mwezi kwanza. Kama haitoki kwenye mshahara, usikatwe. Kama inatoka, mwulize daktari ameshafanya wangapi, na nani atakufuatilia ukishatoka wodini. Mimi nitakuja kukaa na wewe wiki za supu, naijua kazi ile.

Kanzu yako ya Idi sijaikata. Nitumie kifua, kiuno na urefu, akupime mkeo, na msipunguze namba. Nitaacha inchi mbili za mshono kila upande, kwa hiyo usiwe na wasiwasi na tarehe ya daktari.

Mama yako ametuma mawese na sombe kwa basi la Alhamisi.

Baba yako