Muulize Fundi: Kwa nini tremolo yangu inafifia?

SWALI: Shikamoo fundi. Nimenunua pedali mbili za gitaa, ya tremolo na ya ovadraivu (ya kukwaruza sauti), nipate sauti ya amplifaya za zamani za valvu (taa za kioo zinazokuza sauti). Nikiziwasha pamoja, mtikisiko wa tremolo unapotea. Je, nimeuziwa mbovu? – Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Pedali zako ni nzima, ila nahisi umezipanga kinyume. Tremolo hupandisha na kushusha ukubwa wa sauti. Ovadraivu hukata vilele vya mawimbi, hivyo sauti kubwa na ndogo hutoka karibu sawa. Ukitanguliza tremolo, ovadraivu itafukia mabonde yake yote. Gitaa liingie ovadraivu kwanza, kisha tremolo.

Hata kwenye amplifaya za Fender Deluxe Reverb za miaka ya 1960, tremolo inafuata baada ya valvu za mwanzo kukuza sauti. Mle ndani taa ndogo ya neoni huwaka na kuzima kando ya rezista (kizuia umeme) inayohisi mwanga, ndiyo maana mapigo yake ni makali. Amplifaya nyingine ya Fender, Princeton Reverb, hutikisa umeme unaoongoza valvu za mwisho zenyewe. Hiyo ndiyo ninayoipenda mimi: inapumua. (Fender waliandika "vibrato" kwenye paneli, ingawa noti haipandi wala haishuki. Isikuchanganye.)

Geini ya ovadraivu (kiasi inachokuza sauti) iweke chini, robo tu ya mzunguko. Piga kordi moja, iache ilie mpaka ife, huku ukirekebisha spidi ya tremolo ifuate mguu wako unaohesabu wimbo.