Gari kuukuu: linachemka, linalala, linaoza

Toyota Corolla 110 yangu huchemka nikipanda mlima wa Sachangwan nyuma ya malori. Mjini halina neno. Fundi anataka kushusha hedi, yaani kifuniko cha juu cha injini. (Nakuru)

Asiguse hedi kabla hujabadilisha kifuniko cha rejeta, kile kipoza maji ya injini. Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, na hapo maji yasiyo na presha hutokota kwa digrii 94 tu. Kifuniko kizima, kilichoandikwa 0.9, hubana presha mpaka maji yapite digrii 110 bila kutokota. Mpira wake ukikauka na kupasuka, unapanda mlima na sufuria isiyo na mfuniko.

Kisha themostati, vali inayoyafungulia maji ya injini yaende kwenye rejeta. Itoe, ining'inize kwa uzi ndani ya sufuria ya maji bila kugusa kitako, weka mekoni. Ya digrii 82 lazima ifunguke kabla maji hayajatokota. Ikibaki imefunga, tupa. Kuna mafundi huiondoa kabisa. Kataa: injini itakuwa inazunguka baridi, na petroli ya ziada utainunua wewe.

Halafu feni. Gari likiwa limesimama linanguruma, mshale wa joto ukipita katikati kidogo, feni ianze. Barabara ikiwa tupu, upepo huficha ubovu wake. Nyuma ya lori hakuna upepo.

Hedi ishushwe ukiona oili ya kwenye kijiti imekuwa kama chai ya maziwa, au mapovu yasiyokoma kwenye rejeta. Kifuniko cha rejeta usikifungue injini ikiwa moto.

Betri ni mpya, lakini gari likilala siku mbili haliwaki. (Kisumu)

Nunua mita ndogo ya umeme. Injini ikinguruma, betri isome volti 13.8 hadi 14.4; ikiwa chini ya 13.5, shuku altaneta (inayochaji betri) au mkanda wake. Ikiwa sawa, kuna kitu kinanyonya usiku. Zima kila kitu, funga milango, legeza waya wa hasi kwa spana namba 10, weka mita upande wa ampea 10 kati ya waya na betri. Subiri nusu saa. Ikizidi ampea 0.05, chomoa fyuzi moja moja mpaka ishuke. Mara nyingi mwizi ni redio au alamu iliyoungwa kienyeji. Usipige stata mita ikiwa hapo, utaiunguza.

Nianze na rangi au breki? (Bungoma)

Breki. Pedi zikifika unene wa milimita 3, badilisha za magurudumu yote mawili ya ekseli hiyo.

Sakafu ya dereva imetoboka. Fila itatosha? (Busia)

Haitatosha. Fila, ile lipu ya kuzibia bodi, huvuta unyevu kutoka chini na bati huendelea kuoza ukiwa huoni. Inua zulia, gonga kwa bisibisi, kata mpaka ukute bati linalolia kwa sauti kavu. Chomelea bati la geji 20, betri ikiwa imefunguliwa, bomba la petroli likiwa mbali na moto na ndoo ya mchanga karibu. Paka redoksaidi, rangi ya kuzuia kutu, juu na chini. Kabla ya kurudisha zulia, mwaga maji kwenye kioo cha mbele utazame yanakoingilia: kwa kawaida ni majani yaliyoziba mfereji ulio chini ya waipa.