Wasomaji Wanauliza: Barakoa Imeniondolea Wateja

SWALI: Mimi ni mama ninayeuza dagaa wakavu katika soko la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza. Nina pumu, na vumbi la dagaa tunapopepeta na kupima hunibana kifua, hivyo tangu mwaka jana huvaa barakoa muda wote niwapo kazini. Tatizo ni kwamba wateja wamepungua. Wageni huniuliza ninaumwa nini, na wateja wangu wa siku nyingi hunipita wakaenda kwa jirani. Wakiulizwa baadaye husema hawakunitambua, au walidhani nimenuna. Nifanye nini?
Muuza dagaa, Kirumba

JIBU: Pole sana, mama, kwa kifua na kwa hasara uliyoipata. Barakoa usiivue, maana pumu inayochokozwa na vumbi kila siku huzidi kuwa kali, na hakuna mteja atakayekulipia matibabu. Hata hivyo, wateja wako hawasemi uongo. Binadamu humtambua mwenzake kwa kuuona uso wote kwa pamoja, macho na pua na mdomo, wala si kwa kipande kimojakimoja. Ukifunikwa nusu ya chini, hata mtu anayekufahamu vizuri anaweza kukupita, hasa sokoni ambako watu ni wengi na kila mmoja anawahi gari.

La kudhaniwa umenuna nalo lina sababu yake. Mwaka 2020 mtafiti Claus-Christian Carbon wa Chuo Kikuu cha Bamberg, Ujerumani, aliwaonyesha watu picha za nyuso zenye barakoa na zisizo nayo, akawataka waseme kila uso unaonyesha hisia gani. Penye barakoa makosa yaliongezeka, na uso wa furaha ukawa unachukuliwa kuwa uso usio na hisia yoyote. Kwa mfanyabiashara jambo hilo ni zito, kwa kuwa mnunuzi akikuta uso usiomchangamkia, na pembeni kuna wauzaji wengine wengi wa dagaa walewale, hana sababu ya kusimama kwako.

Kwa hiyo yale ambayo mdomo wako ulikuwa ukiyafanya bila wewe kujua, sasa yafanywe na sauti, macho na mikono. Mteja akiwa bado yuko hatua chache, muwahi kwa salamu, na kama ni mtu wa huku msalimie kwa Kisukuma. Anayesikia "mwangaluka" kwa sauti anayoijua atageuka kabla hajakutazama. Asipokutambua, jitaje na umkumbushe alichonunua mara ya mwisho. Kilemba cha rangi moja, ukikivaa kila siku ya soko, kitawasaidia wateja kukuona kutoka mbali. Tabasamu usiliache kwa kudhani halionekani, kwani daktari Mfaransa Duchenne alieleza tangu mwaka 1862 kwamba tabasamu la kweli hukaza pia misuli inayozunguka macho, na hapo barakoa haifiki. Bei ya sado iandike kwa tarakimu kubwa kwenye kipande cha boksi na ukichomeke juu ya fungu la dagaa, kwa sababu wapo wanaoondoka kimya kwa aibu ya kukuuliza bei mara ya tatu.

Wanaouliza unaumwa nini wajibu bila kukasirika. Tangu miezi ile ya mwaka 2020, UVIKO-19 ulipoingia nchini, watu wengi wakiona barakoa hufikiria maambukizi kwanza, na hofu hiyo haikuondoka Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilipotangaza kwamba ugonjwa huo si dharura ya kimataifa tena. Sema wazi: "Nina pumu, vumbi la dagaa linanibana, haiambukizi." Maneno hayo machache yatamtuliza mteja kuliko kunyamaza, ambako humwachia nafasi ya kubuni jibu lake mwenyewe. Nakuomba pia umwone daktari kuhusu aina ya barakoa unayotumia, kwa sababu ya kitambaa huacha mianya pembeni na haizuii vyema vumbi laini kama inavyolizuia N95, barakoa ngumu inayochuja chembe ndogo, iliyokaa sawasawa usoni. Unapopepeta, simama upande ambao upepo wa ziwani utapeleka vumbi mbali nawe.

SWALI: Kila wiki navuka kwa kivuko cha Kamanga kwenda Sengerema kumuuguza mama, ambaye anatibiwa saratani na ameonywa ajiepushe na mafua. Kwa hiyo njiani navaa barakoa. Je, ni utovu wa adabu kumwamkia mzee nikiwa nimefunika mdomo?
Msomaji, Igogo

JIBU: Hapana. Mwamkie kwa sauti inayosikika, piga goti au inama kama ulivyolelewa, umtazame, kisha umweleze kwa neno moja kwamba unamlinda mgonjwa nyumbani. Mzee atakayesikia hivyo atakuombea dua. Mkiwa nje penye upepo, nanyi hamjakaribiana, hakuna ubaya kuishusha kidogo wakati wa "shikamoo" ili auone uso wako, kisha uirudishe. Mungu amponye mama.

SWALI: Nina umri wa miaka 24 na ninaishi Nyegezi. Sisikii vizuri tangu utotoni, hivyo hufuata mazungumzo kwa kutazama midomo. Nilipokwenda zahanati fulani, mhudumu alikuwa amevaa barakoa. Nilipomwomba arudie, alipaza sauti mpaka watu wote wa kwenye benchi wakageuka. Niliitikia tu kwa kichwa, nikaondoka bila kuelewa dawa zinatumiwaje. Je, nina haki ya kumwambia aivue?
Kijana wa Nyegezi

JIBU: Ndugu yangu, kilichokupata kinaniuma, maana mgonjwa anayeondoka na dawa asizojua kuzitumia ni kama hakutibiwa. Haki uliyonayo ni ya kuelewa. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 imeweka wazi kwamba mtu mwenye ulemavu anastahili huduma za afya bila kubaguliwa, na huduma ambayo hukuielewa hujaipata. Kumtaka mhudumu avue barakoa ni jambo jingine, kwa kuwa chumbani mwake hupita wagonjwa wa kifua kikuu, ambacho huambukizwa kwa hewa, na barakoa ile inamlinda yeye na wewe pia.

Barakoa inakuumiza mara mbili. Inakuficha midomo, na papo hapo inapunguza sauti, hasa zile nyembamba za juu ambazo ndizo zinazobeba herufi kama s, f na sh. Ya kawaida ya hospitalini hupunguza desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) chache tu, lakini N95 inaweza kufikisha takriban 12, na kwa sikio lililo dhaifu "saa sita" na "saa tisa" huanza kufanana. Kupaza sauti hakurekebishi kasoro hiyo, kwa sababu mpiga kelele huvuta irabu na kuzimeza konsonanti, na isitoshe humwaibisha mgonjwa mbele za watu. Barakoa zenye dirisha la plastiki huonyesha midomo, ingawa plastiki hufifisha sauti zaidi na huingia ukungu wa pumzi. Kwa mtu kama wewe, anayetegemea macho, bado zina faida kubwa.

Safari ijayo usingoje mambo yaharibike. Ukifika mapokezi, onyesha karatasi au simu yenye maneno haya: "Sisikii vizuri, nasoma midomo. Tafadhali niandikie." Omba mkae penye mwanga, mkitazamana. Kama unajua lugha ya alama, Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA, kinaweza kukushauri namna ya kumpata mkalimani. Na usiitikie tena kwa kichwa jambo ambalo hukulielewa, hata foleni ikiwa ndefu namna gani.

Nanyi wauguzi na wafamasia mnaosoma ukurasa huu, nawasihi msimtupie kijana huyu mzigo wote. Mguseni bega kabla ya kuanza kusema, semeni polepole kwa sauti ya kawaida, mwonyesheni vidonge kwa vidole, na muandike saa kwa maneno juu ya bahasha ya dawa. Ukimwona mgonjwa anaitikia kwa kichwa kila unachosema, mwombe akueleze yeye jinsi atakavyozinywa dawa hizo akifika nyumbani, na mpaka aeleze sawasawa usimwite anayefuata.